Chemchemi Haizibi Bwawa Linalovuja

Wakulima wenzangu wa vipande vya Kinangop, Ol Kalou na pande zote za baridi chini ya milima ya Nyandarua, mwezi huu nataka tuzungumze habari ya bwawa la samaki aina ya trauti. Hasa nasema juu ya lile bwawa ambalo mwenyewe amekwisha kulichimba, amekwisha kulitia maji ya chemchemi, na kila asubuhi akienda kulitazama hukuta maji yameshuka.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Kabla ya kazi hii nilisomea ualimu, kwa hiyo mniwie radhi nikiwapa hesabu kidogo. Katika maswali yanayopita mezani kwangu kuhusu mabwawa, kuna neno moja linalorudi kila mara: "Chemchemi yangu haikauki. Bwawa likivuja kidogo si kitu, maji mengine yataingia." Neno hilo limeua samaki wengi. Mfugaji wa perege pengine ataponea chupuchupu, maana perege huvumilia maji machache yenye joto na matope. Trauti havumilii.

Trauti si samaki wa asili wa nchi yetu. Trauti wa kahawia waliletwa mwaka 1905 kutoka Loch Leven, ziwa la Uskoti, wakatiwa katika mto Gura. Trauti wa upinde wa mvua, ambao ndio wafugwao mabwawani siku hizi, walifuata mwaka 1910. Wakastawi kwa sababu mito yetu ya milimani ina maji baridi, safi, yanayokwenda mbio juu ya mawe. Samaki huyu hupenda maji ya digrii 10 hadi 16 za Selsiasi. Yakifika 20 huanza kukataa chakula, na yakikaribia 25 hufa. Tena anataka hewa nyingi ndani ya maji kuliko perege. Basi bwawa likishuka likabaki na maji ya kufika goti, jua la saa saba mchana huyapasha moto upesi, samaki husongamana, hewa ikapungua, na jioni utaokota maiti.

Nilifuatana na afisa wa samaki, ambaye wazee wetu bado humwita Bwana Samaki, kwenda kwa mzee mmoja wa upande wa Kinangop. Mzee huyu alinunua vifaranga 200 kwa fedha ya maziwa ya miezi miwili. Bwawa lake lilijaa siku ya Jumatatu, naye akatia samaki siku hiyo hiyo kwa furaha. Alhamisi asubuhi aliwakuta wamelala ubavu katika maji ya kufika kifundo cha mguu, na chemchemi ikiendelea kububujika pale juu kama kawaida. Habari za mzee huyu nitazirudia, kwa maana kosa la bwawa lake ni la wengi, na dawa yake ilikuwa pale pale shambani kwake bila yeye kujua.

PIMA MAJI YANAYOINGIA NA YANAYOTOKA

Chukua debe la lita 20. Kinga maji yote ya chemchemi yaingie humo, mwenzako ahesabu sekunde kwa saa ya mkono au ya simu. Likijaa kwa sekunde 20, una lita moja kwa kila sekunde. Likijaa kwa sekunde 40, una nusu lita. Kwa kawaida huhesabiwa kwamba lita moja kwa sekunde huweza kulisha hewa kilo 100 hivi za trauti. Mwenye nusu lita basi afikirie kilo 50, yaani samaki 200 wa robo kilo kila mmoja, asikubali kudanganywa na ukubwa wa shimo lake. Pima mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi. Kipimo cha Mei, mvua ikinyesha, kitakudanganya. Siku hiyo hiyo ya Februari, saa nane mchana, tia kipimajoto katika maji. Kikionyesha zaidi ya digrii 18, nakushauri ufuge samaki wengine.

Sasa pima yanayotoka. Funga mfereji wa kuingiza na bomba la kutolea. Simika kijiti bwawani na kukitia alama kwenye uso wa maji. Kisha weka karai lililojaa maji juu ya mawe mle mle bwawani, mdomo wake ukiwa juu kidogo ya maji ya bwawa, na ndani yake pia utie alama. Ngoja siku moja mvua isiponyesha. Maji ya karai yatashuka kwa sababu ya jua na upepo tu, maana karai halivuji. Maji ya bwawa yatashuka kwa jua, upepo na uvujaji. Tofauti baina ya alama hizo mbili ndiyo uvujaji wako. Katika nchi yetu ya baridi jua na upepo havili zaidi ya nusu inchi kwa siku.

Tuchukue bwawa la futi 30 kwa 15, na tudhani limeshuka futi moja tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kingo zake zina mteremko, lakini kwa hesabu ya jumla hayo ni kama lita 12,700, madebe zaidi ya 600 kwa usiku mmoja. Chemchemi ya nusu lita kwa sekunde huleta lita 21,600 katika saa hizo kumi na mbili. Mwenyewe haoni hasara yoyote, bwawa limejaa. Ngoja Februari, chemchemi ipungue nusu. Sasa italeta lita 10,800 tu, na tundu bado linataka zake 12,700. Bwawa litaanza kushuka, na hapo ndipo wengi husema mtu amewaroga.

KUTAFUTA TUNDU

Ukiisha kujua kwamba bwawa linavuja, usikimbilie kununua kitu. Litafute tundu. Njia rahisi ni hii: acha mfereji umefungwa, uache maji yashuke yenyewe siku mbili tatu. Yakifika mahali yakasimama, tundu liko kwenye mstari huo au juu yake kidogo. Zunguka kingo zote katika mstari huo ukitazama kwa macho na kupapasa kwa mkono. Yasiposimama hata kidogo yakaisha yote, basi sakafu yenyewe ndiyo inayokunywa.

Kisha nenda nje, chini ya tuta. Wakati wa kiangazi tazama mahali penye majani mabichi kuliko kwingine, au udongo unaodidimia ukikanyaga. Maji yanayochuruzika hapo yakiwa meupe safi, una nafasi ya kufanya kazi polepole. Yakiwa na tope, toa maji bwawani siku hiyo hiyo, kwa sababu yanachukua udongo wa ndani ya tuta, na usiku mmoja tuta zima laweza kupasuka likamwangukia jirani wa chini pamoja na viazi vyake.

Mahali pa kutilia shaka kwanza ni pembeni mwa bomba la kutolea maji. Watu hulaza bomba, hufukia kwa jembe, wakaenda zao. Maji hupita juu ya mgongo wa bomba lile kama siafu juu ya kamba. Fukua, ulizungushie kola ya saruji au udongo wa mfinyanzi uliopondwa vizuri, katikati ya tuta, kisha ufukie kidogo kidogo ukishindilia. Mahali pa pili ni visiki na mizizi. Mzizi wa mkaratusi ukioza ndani ya tuta huacha bomba zuri kabisa, isipokuwa hukulilipia. Mahali pa tatu ni matundu ya fuko, na karibu na vijito, matundu ya kaa. Hayo uyachimbe mpaka mwisho wake ndipo uyajaze. Kuziba mdomo tu ni kazi ya bure.

Mahali pa nne ni chini ya tuta lenyewe. Mkulima aliyemwaga udongo juu ya majani bila kuparua amelaza tuta lake juu ya mkeka, na maji yatapita katika mkeka. Ilimpasa aondoe majani na udongo wa juu wenye mizizi, achimbe mtaro wa msingi futi moja au mbili katikati ya urefu wa tuta hadi afikie udongo mgumu, aujaze udongo wa mfinyanzi, ndipo apandishe tuta kwa matabaka ya inchi sita, kila tabaka likishindiliwa. Kama hukufanya hivyo, waweza kuchimba mtaro kama huo sasa kwenye mguu wa ndani wa tuta, bwawa likiwa tupu, ukaujaza na kuuunganisha na udongo wa kingo.

JICHO LA CHEMCHEMI LISIWE NDANI YA BWAWA

Hapa nawaomba mnisikilize sana. Mkulima huona maji yakitoka ardhini, akafikiri njia fupi ni kuchimba bwawa pale pale na kupandisha tuta kulizunguka. Maji ya chemchemi hutoka kwa sababu ndipo yanapopata njia nyepesi. Ukiyawekea uzito wa futi tatu nne za maji juu ya jicho lake, huenda yakatafuta njia nyingine na kutokea kwa jirani, au yakarudi nyuma kabisa. Tena ukifunika jicho kwa udongo wa mfinyanzi, nguvu ya maji kutoka chini huuinua udongo huo na kuutoboa.

Uso wa maji ya bwawa lako uwe chini ya jicho la chemchemi, angalau kwa futi moja au mbili. Jicho lenyewe lijengee kisanduku cha mawe, lizungushie ua ng'ombe wasilikanyage, na maji yalete kwa mfereji au bomba. Yakifika bwawani yaangushe juu ya ngazi za mawe yapasuke-pasuke. Watu hushangaa nikiwaambia hivyo, lakini maji yatokayo ardhini mara nyingi hayana hewa ya kutosha samaki, hata yakiwa safi kama kioo. Yanaipata yakirukaruka.

Na kama umekwisha kuchimba, na vijicho vidogo vinatoka katika sakafu? Usivizibe. Vijaze mawe na kokoto, ulaze bomba ndani ya kokoto hizo kwenda nje chini ya tuta, lenye kola kama nilivyosema, ndipo uweke udongo wa kuzibia juu yake. Maji yakiwa na njia yake hayatapigana nawe.

UDONGO WETU NA KAZI YA MIGUU

Udongo wa nchi zetu si mmoja. Katika uwanda wa Kinangop mara nyingi utakuta udongo mwepesi wa kijivu juu, na chini yake sahani ya udongo wa mfinyanzi mzito usiopitisha maji; ndiyo maana mashamba yale hutuama maji wakati wa mvua. Sahani hiyo ni mali kwa mwenye bwawa. Lakini haina unene usio na mwisho, na chini yake pengine kuna mawe laini ya volkeno yanayokunywa maji kama sifongo. Juu zaidi, karibu na msitu, kuna udongo mweusi mwepesi uliotokana na majivu ya volkeno. Huo haushikiliki vizuri hata ukiushindilia, heri ulete mfinyanzi kutoka kwingine. Wasomaji wetu wa upande wa Nyeri na Murang'a wana udongo mwekundu. Huo huwadanganya watu. Ukiufinyanga unashika kama mfinyanzi, na kweli ni mfinyanzi, lakini ukiwa ardhini umekaa punje punje na maji hupita katikati. Hauzibi mpaka punje zile zivunjwe kwa kukanyagwa ukiwa majimaji.

Kujaribu udongo ni rahisi. Lowesha konzi moja, finyanga tonge, lirushe juu ulidake. Likimeguka-meguka, mchanga ni mwingi. Kisha chimba shimo la kufika kiuno mahali unapotaka bwawa, ulijaze maji asubuhi. Jioni yatakuwa yamepungua. Jaza tena, ufunike kwa matawi. Asubuhi ya pili ukikuta maji mengi yamebaki, udongo utafaa.

Sasa turudi kwa yule mzee. Bwana Samaki alishuka katika shimo lile tupu, akachimba kidogo kwa sururu, akatoa mawe laini yanayovunjika mkononi. Akauliza, "Mzee, ulipochimba ulikutana na udongo mgumu wa kunata?" Mzee akajibu kwamba ndiyo, ulikuwa kama futi mbili chini, ukamsumbua sana siku nne, mpaka akaumaliza na kupata mahali pepesi pa kuchimba. "Na uliutupa wapi?" Mzee akaonyesha kwa kidole. Ulikuwa umerundikwa juu ya tuta, umepandwa ndizi.

Mwezi wa Januari yeye na wanawe waliushusha ule udongo kwa toroli. Waliparua sakafu na kingo, wakaondoa kila mzizi. Kingo zilizokuwa wima walizikata zilale, futi mbili nyuma kwa kila futi moja ya kina, maana udongo wa mfinyanzi hauwezi kukaa kwenye ukuta wima, huteleza. Wakatandaza tabaka la inchi sita, wakavunja mabonge, wakamwaga maji mpaka ukawa kama udongo wa kufinyanga chungu, si uji. Wakaingiza ng'ombe sita, wakawazungusha humo tangu asubuhi hadi wakati wa kukamua. Kesho yake tabaka la pili, kazi ile ile. Kingo ambazo ng'ombe hawakuweza kupanda zilikanyagwa na watoto na kupigwa kwa shindilio la mti. Samadi iliyodondoka waliizoa. Mwisho walikuwa na futi moja ya udongo uliopondwa, sakafuni na kingoni hadi juu ya mstari wa maji.

Jambo moja walilolishika vizuri, na wengi hulisahau, ni kutouacha ukauke. Mfinyanzi ukipigwa na jua siku moja hupasuka, na kila ufa ni mlango. Walifunika kwa majani mabichi kila jioni, na siku ya kumaliza wakafungulia maji polepole, yakianguka juu ya jiwe bapa yasichimbe sakafu. Kijiti kilionyesha nusu inchi kwa siku juma la kwanza, kisha pungufu ya hapo.

Wengine wataniuliza habari za samadi. Ni kweli kwamba kuna njia ya kutandaza samadi, kuifunika kwa majani na udongo, na kuiacha majuma mawili matatu ioze kabla ya kutia maji, huziba vizuri. Kwa perege sina neno. Kwa trauti mimi siipendi, kwa sababu kitu kinachooza hula hewa ya maji, na ungelazimika kupitisha maji muda mrefu kabla ya kuthubutu kutia samaki. Saruji hupasuka ardhi ikicheza, na ikiwa mpya chokaa yake huwadhuru samaki mpaka bwawa lioshwe na kubadilishwa maji mara kadhaa. Karatasi nzito ya plastiki ya kutandikia mabwawa ni nzuri, na mahali penye udongo wa majivu pengine hakuna dawa nyingine. Ila kama kuna vijicho vya maji chini yake itafura kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi ya alfalfa, mpaka utengeneze njia ya kuyatoa maji hayo chini.

MAJI SI YAKO PEKE YAKO

Kuwa na jicho la chemchemi ndani ya mipaka ya kipande chako hakukupi haki ya kuyazuia maji. Chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, maji yote ni ya taifa, na anayetaka kuyageuza mkondo au kuyakusanya bwawani yampasa aulize kwanza kuhusu kibali katika ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Nenda ukaulize kabla hujachimba. Maji yakiisha kupita katika bwawa yarudishe kwenye kijito, na utie wavu kwenye mdomo wa bomba samaki wasiende nayo. Bwawa linalovuja huleta ugomvi hapa pia, maana maji yanayozama kwako hayamfikii yule wa chini anayenywesha ndama wake.

Bwawa likiisha kujaa usiagize vifaranga bado. Ngoja mwezi mzima ukiandika kila asubuhi kipimo cha kijiti, joto la saa nane, na sekunde za debe. Daftari ya mtoto ya shule yatosha. Siku utakapokwenda kwa Bwana Samaki, au katika kituo cha serikali cha kuzalisha trauti kilichoko Kiganjo tangu mwaka 1948, ichukue daftari hiyo uwaonyeshe, nao watakuambia uchukue vifaranga wangapi.

Wakikufungia samaki katika mifuko yenye hewa, safiri nao asubuhi mapema au usiku, kivulini. Ukifika, usiwamwage. Elekeza mifuko juu ya maji ya bwawa mpaka joto la ndani na la nje lilingane, kama nusu saa hivi, kisha ingiza maji ya bwawa kidogo kidogo, uwaache watoke wenyewe. Siku hiyo usiwape chakula. Kijiti kiache pale pale kilipo, na ukikuta maji yameshuka vidole viwili asubuhi moja na mfereji unaingiza kama kawaida, zunguka tuta kwanza ndipo ukakamue.